Nyasi Nilizochoma

Kasilda mwanangu,

Uko chumba cha pili unakunja nguo, nakusikia unamnyamazisha mdogo wako, nami nimekaa hapa jikoni nakuandikia barua kana kwamba uko nchi nyingine. Ningeweza kunyanyuka nikaja kukwambia kwa mdomo. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama umepakia blanketi. Mara ya pili nikakuuliza jambo lile lile, ukanitazama ukasema, "Mama, umeshaniuliza." Basi nimeona niandike. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha, wala mimi siwezi kujifanya nimekuja kutafuta chumvi.

Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako ameshayamaliza: usimwachie mtu begi, usishukeshuke Tunduma basi likisimama, ukifika Mbeya umsubiri mjomba wako pale pale stendi. Ameyasema mara nyingi mpaka nadhani hata mbuzi wetu wanaweza kufika Mbeya salama. Mimi nataka kusema juu ya lile ulilolisema wiki iliyopita shambani, na juu ya namna nilivyokujibu.

Tulikuwa tumetoka kuokota kuni, tunapita katikati ya mahindi yale yaliyokauka kabla ya kubeba. Nikakwambia chuo cha kilimo kinafungua mwezi ujao na wewe hujasema kama utakwenda au utabaki dukani kwa mjomba. Ukavunja bua moja, ukalitazama, ukasema, "Nikasome kilimo cha nini, mama? Mvua yenyewe imeshakufa. Mwalimu alitwambia dunia nzima inapata joto kwa moshi wa viwanda vya watu ambao hawajui hata Ufipa iko wapi. Sasa mimi na cheti changu nitaiambia nini mvua? Hakuna faida."

Nami nikapaza sauti, "Basi nenda kauze betri!" Nikakuacha pale na mizigo miwili ya kuni, yako na yangu. Ulifika nyumbani umebeba yote miwili. Nilikuona unavyojinyoosha mgongo nyuma ya nyumba nikaona aibu, lakini sikutoka kukuomba radhi. Nakuomba sasa.

Sikukasirika kwa sababu ya duka. Duka la mjomba wako ni kazi halali, na kuna siku ninaona mtu mwenye akili ndiye anayeuza betri. Nilikasirika kwa sababu ya yale maneno mawili ya mwisho. Nilijua ulikoyatoa. Nitafika huko, ila lazima nianze mbali kidogo, univumilie.

Bibi yako, mama yake baba yako, wewe ulimkuta akiwa mtu wa kukaa juani na kuomba ugoro. Mimi nilimkuta akiwa mkulima. Nilipoolewa hapa hapakuwa na shamba la mistari hata moja. Kulikuwa na ntumba. Wewe hukuziona, ulizaliwa mwaka ule ule niliozisawazisha. Mvua inapokaribia kwisha, udongo ukiwa bado na unyevu na nyasi zimefika kiunoni, wanawake walikuwa wanaitana: leo shamba langu, kesho lako, mwenye shamba anapika togwa. Unakata nyasi unazikusanya duara, kisha unapasua tabaka la juu la ardhi na jembe na kulifunika juu yake, upande wa nyasi ukitazama ndani, tabaka kwa tabaka, mpaka tuta linafika pajani. Juu unapanda maharage. Kiangazi chote nyasi zinaoza mle ndani. Mvua ikirudi unalifumua tuta, unasambaza ule weusi wake, unapanda ulezi. Mgongo unauma mpaka unatamani uukabidhi kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo ntumba.

Halafu akaja bwana shamba. Alikuwa kijana, mpole, anavaa viatu hata matopeni. Alileta mbegu mpya ya mahindi na mbolea ya mfuko, na mbolea ilikuwa rahisi kwa sababu serikali ilibeba sehemu ya bei. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilikuwa mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wanaweza kusoma maandishi ya kwenye mfuko. Akanichagua niwe mkulima wa mfano, akapigilia kibao kando ya barabara kikiwa na jina langu. Kasilda, hujui kibao kinavyomfanya mtu. Nilikuwa naenda kuchota maji kwa njia ndefu ili nipite pale nikione.

Siku moja bwana shamba akasema Jumatano watakuja wageni kutoka mkoani kuona shamba langu, na haipendezi wakakuta vile vichuguu vya kizamani. Alisema hivyo, vichuguu. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Nilichukua jembe nikaanza kusawazisha ntumba za mama mkwe wangu, na maharage yalikuwa juu yake yametoa maua. Siku tatu nilifanya kazi ile. Yeye alikuja akakaa pembeni. Hakunigombeza. Alikuwa anaokota miche ya maharage mmoja mmoja anaiweka kwenye kanga, sijui alifikiri ataipeleka wapi. Mwishoni akaniuliza, "Mkamwana, na nyasi utazipeleka wapi?"

Nikamjibu, "Nitazichoma, mama."

Nikazichoma. Moshi ulikaa bondeni mpaka jioni. Wageni wakaja, wakashika mahindi yangu, wakasifu mistari, wakaondoka. Msimu uliofuata nusu ya kijiji walisawazisha za kwao, na msimu wa pili waliobaki. Walikuwa wanasema, kama mke wa fulani amefanya, mwenye kibao, sisi tunangoja nini. Hilo ndilo linaloninyima raha zaidi. Ningeharibu shamba langu peke yangu ningelala.

Sisemi mahindi hayakukubali. Yalikubali sana. Ulisomeshwa na mahindi yale, na mabati haya yanayotufunika yalitoka humo. Miaka ilikuwa mizuri, nami sikutaka kujua kwamba kila mwaka udongo ulikuwa unaomba mbolea zaidi ya mwaka uliopita. Ndipo mambo yakageuka. Wakasema sasa ni soko huria. Ruzuku ikaondolewa, bei ya mfuko ikapanda mpaka tukaacha kuiuliza. Chama cha ushirika kikafa, ghala lake sasa linalala popo. Bwana shamba akapunguzwa kazi, na aliyebaki wilayani ana vijiji vingi na baiskeli isiyokuwa na breki. Malori yakaanza kuja yenyewe kutoka Sumbawanga kununua mahindi mlangoni, na madukani Chala sabuni na sukari zikaonekana tena, hilo nalo nilishukuru, sitaki kuwa mnafiki. Lakini udongo wetu bila mfuko haukuwa na kitu. Upepo wa mwezi wa sita ukipita, ulikuwa unauona unaondoka nao.

Na mvua ndiyo hiyo unayoijua wewe. Mimi niliikuta mvua yenye adabu, unaweza kusema. Siku hizi inakuja, inakudanganya, unapanda, inakwenda zake wiki tatu, mbegu inakufa, unapanda tena. Kisha inarudi yote kwa siku moja na kubeba shamba kulipeleka bondeni.

Sasa nikwambie nilivyofanya. Kwanza nilitafuta wa kumlaumu. Wasukuma walikuwa wameshaingia na ng'ombe wao, basi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema hawa ndio waliomaliza nyasi na kufukuza mvua. Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakanishangilia. Ilikuwa raha, Kasilda, nakiri. Mtu aliyechoma nyasi za mama mkwe wake alikuwa amepata mtu mwingine wa kuulizwa nyasi zilikwenda wapi. Raha ile ilipoisha nikalaumu serikali. Kisha nikamnung'unikia Mungu wakati wa rozari, kimyakimya, katikati ya mafumbo. Mwisho nikachoka kulaumu nikaacha vyote. Mtu akisema tupande miti kwenye chemchemi, nasema hakuna faida. Tuchimbe makingamaji, hakuna faida. Nilikuwa nalisema neno hilo kama mtu anavyokohoa.

Ulikuwa darasa la nne. Shuleni walikuwa wamegawa miche, kila mtoto mmoja, ukaja nao kwenye kopo la maziwa, umeukumbatia njia nzima ili usitikisike. Ukaniuliza, "Mama, niupande wapi?" Nilikuwa napepeta mahindi yenye wadudu. Sikuinua hata kichwa. Nikakwambia, "Popote tu. Mvua yenyewe hakuna, utakufa tu, hakuna faida." Ukaliweka kopo nyuma ya jiko. Hukulia. Ulichukua ndoo ukaenda kuchota maji ya kupikia, ukapita pale pale lilipo kopo, siku baada ya siku, bila kuumwagilia. Mimi nilikuwa naona. Ulipokauka nilitumia lile kopo kuwekea maji ya kuku.

Kwa hiyo wiki iliyopita shambani niliposikia maneno yale yakitoka mdomoni mwako, niliyafahamu. Umesoma mpaka ukajua habari za viwanda na joto la dunia, na yale ya mwalimu wako naamini ni kweli. Lakini yale mawili ya mwisho hukufundishwa shuleni. Hayo ni yangu. Nilikupa ukiwa na umri wa miaka kumi.

Ningeishia hapo barua hii ingekuwa ya kuomba msamaha tu, na labda ingetosha. Ila kuna Mama Limi.

Unamfahamu, mke wa yule Msukuma mwenye ng'ombe mpakani mwetu. Hujui kilichotokea kwa sababu ulikuwa bweni na mimi sikukusimulia. Mwaka juzi, mvua ilipokata katikati, alikuja hapa, akanipigia shikamoo kwa kupiga magoti kama wanavyofanya kwao. Mimi sikuwa na moyo naye, nikamjibu kwa kifupi. Akasema, "Dada, kule kona ya shamba lako, nyuma ya yale mawe, mbona udongo ni mweusi na nyasi hazijakauka?"

Nilijua kona hiyo. Palikuwa na ntumba nne ambazo sikuzisawazisha kwa sababu mawe yalikuwa yanazificha wageni wasizione. Nikamweleza kwa aibu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nifundishe."

Nikamwambia, "Hakuna faida, mama. Mvua huijui?"

Akasema, "Mvua si yangu wala si yako, dada. Mimi nimeuliza udongo." Halafu akakaa chini, bila kukaribishwa, akaendelea, "Kwetu nako walisema hakuna faida, tukahama. Tulikofika wakasema hivyo hivyo, tukahama tena. Sasa hapa nikisema hakuna faida nihamie wapi? Nikaingie ziwani? Nimechoka kuhama."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Mimi nilikuwa nimekaa sehemu moja maisha yangu yote na nilikuwa nimechoka vilevile. Tukaenda naye. Na hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyoharibu, kwa sababu sikukumbuka. Mimi Mfipa, niliyelima ntumba mpaka mimba ya miezi saba, nikasimama na jembe mbele ya Msukuma sijui tabaka linageuzwa upande gani. Tuta la kwanza likabomoka. La pili likabomoka. Wazee waliokuwa wanajua wengi wameshakufa, na niliyemfuata alinijibu kwamba mwenye kibao asimsumbue. Ikabidi tuchimbe moja ya zile nne za bibi yako, taratibu kwa mikono, tuone alivyoipanga. Matabaka yalikuwa yameshakuwa kitu kimoja, lakini nje kidogo bado palikuwa na mizizi inayoonyesha alikogeuzia. Udongo ulikuwa na nyungunyungu. Nikalia pale, kweli kweli, na kamasi. Mama Limi akaniacha nilie, akaendelea kuchimba.

Mwaka wa kwanza nusu ya ntumba zetu hazikuoza, tulizifumua tukakuta nyasi kavu kama tulivyoziweka. Mwaka huu zile wiki tatu za jua zilipokuja, mahindi ya mstarini yakafa, ndiyo yale uliyovunja bua lake. Maharage ya kwenye ntumba yakanyong'onyea yakabaki hai. Tulipata debe tatu. Kijiji kizima kingecheka debe tatu, na baba yako alicheka, ila nimeona amekula.

Sikudanganyi, mwanangu. Ntumba hazileti mvua. Hazizimi kiwanda cha mtu yeyote. Ukiniuliza kama mjukuu wangu atalima hapa, nitakwambia sijui, na usiku nikiwaza jibu nafsi yangu inaelekea kwenye hapana. Mimi si mtu wa matumaini. Kuna asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini na sioni sababu ya kusimama. Nasimama kwa sababu Mama Limi atapita kuniita na naona haya anikute nimekaa. Ndiyo dawa niliyonayo, haya ya mbele ya jirani. Nikishafika shambani na jembe likishaingia ardhini, huwa najikuta nataka kujua hili la leo litaoza au halitaoza. Kutaka kujua huko kunanifikisha jioni.

Na hapo ndipo nilipokuwa nakuhitaji bila kusema. Kwa nini nusu zilioza na nusu hazikuoza? Je, maharage yale yangestahimili wiki nne? Tukipanda miti ya aina gani pembeni haitanyonya maji? Tunajibizana mimi na Mama Limi kama vipofu wawili. Ningependa mtu aliyesoma, anayejua na habari za hilo joto la dunia, aje atujibu bila kutudharau, na asiyekuja na kibao. Nilipoona barua ya chuo imekuja na jina lako nililia peke yangu ghalani. Halafu nikatoka nikakwambia "hongera" kama mtu anayekupa chenji.

Lakini sikuamrishi uende. Mimi niliamrishwa kwa upole na mtu mwenye viatu, nikafuata, na nimeona matokeo ya kufuata. Ukikaa Mbeya mwezi huu ukaona duka ndilo linalokufaa, kaa, uza betri, olewa ukitaka, njoo na wajukuu wakati wa Krismasi, mlango huu ni wako. Nenda chuo au usiende kwa sababu zako. Usiache tu kwenda kwa yale maneno yangu mawili. Hayo nayachukua tena. Nimeishi nayo muda mrefu, nimeshauzoea uzito wake, wewe mgongo wako bado ni mchanga.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote na nimelizunguka ukurasa mzima. Kesho sitakusindikiza kituoni. Nitakukumbatia hapa mlangoni alfajiri, kisha utakwenda na baba yako. Jana mvua ilinyesha, na nadhani ni ya mwisho. Udongo utakuwa na unyevu siku nne, tano, zaidi ya hapo jembe litagonga kama sakafu. Mama Limi amewapata wanawake saba, saba, Kasilda, wengine ni wale walionishangilia mkutanoni, na kesho ni zamu ya shamba letu. Wamekubali siku moja tu. Nilitaka kuwaomba wangoje, nikakaa na wazo hilo tangu mchana. Kama ningewaomba, wangeelewa, na wasingerudi tena.

Baba yako nitampa barua hii, akupe mkiwa mnasubiri basi, uisome kabla hujapanda. Basi litapita pale juu, barabara inapoinama upande wa shamba letu. Kaa dirisha la kushoto. Utaona wanawake tisa na majembe tisa, na mmoja wao ni mama yako. Usiponiona nakupungia, usidhani sijalisikia basi. Nitakuwa nimeinama.

Mama yako